Barua ya Wazi kwa Jumuiya za Wazungumzaji wa Kiswahili Jimboni Michigan Kuhusu Mchango wa Mwisho wa Mwaka kwa Utafiti Usio wa Chama

Kwa waheshimiwa wenyeviti, makatibu, watunza hazina na wanachama wa jumuiya za Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wakenya, Watanzania na Waganda zilizoko Grand Rapids, Lansing, Detroit na miji mingine ya jimbo la Michigan.

Barua hii inaleta ombi moja mbele ya jumuiya hizo, nalo ni kwamba, kabla vitabu vya mwaka 2025 havijafungwa tarehe 31 Desemba, kila jumuiya itenge sehemu ndogo ya michango yake, na iwahimize wanachama wake watoe chochote walichojaliwa, kwa ajili ya taasisi ya utafiti wa sera za jimbo isiyofungamana na chama chochote cha siasa. Taasisi inayokusudiwa hasa ni Citizens Research Council of Michigan, iliyoanzishwa Detroit mwaka 1916 na ambayo hutoa machapisho yake bure kwa yeyote anayetaka kuyasoma, ingawa hoja zitakazotolewa zinaihusu kazi ya namna hiyo popote inapofanywa kwa uaminifu. Barua haikuandikwa kwa niaba ya taasisi hiyo wala kwa kuagizwa nayo.

Kwanza ifafanuliwe sera za jimbo ni nini, kwa sababu wengi waliotoka katika nchi ambazo maamuzi yote makubwa hutoka mji mkuu huchukua muda kulizoea jambo hili. Marekani ni shirikisho, na Katiba yake huyaachia majimbo, au wananchi wenyewe, mamlaka yote ambayo haikuyakabidhi kwa serikali kuu wala kuyakataza kwa majimbo. Kwa hiyo leseni ya udereva, leseni ya uuguzi, mgawanyo wa fedha za shule, masharti ya bima ya gari, kima cha chini cha mshahara na sehemu kubwa ya uendeshaji wa Medicaid, yaani mpango wa matibabu kwa wenye kipato kidogo ambao gharama zake hubebwa kwa pamoja na serikali kuu na majimbo, yote hupita katika mikono ya bunge na gavana walioko Lansing. Mwishoni mwa mwaka 2007 mwanasheria mkuu wa Michigan alitoa tafsiri ya sheria iliyosema kwamba asiye na kibali halali cha kuishi nchini hawezi kuhesabiwa kuwa mkazi wa jimbo, na kuanzia Januari 2008 watu hao wakanyimwa leseni ya udereva. Hakuna mbunge hata mmoja wa Washington aliyepiga kura katika uamuzi huo. Minnesota, jimbo jingine lenye wazungumzaji wengi wa Kiswahili, ilipitisha mwaka 2023 sheria iliyoelekea upande wa pili na kuwapa leseni watu wa hali hiyohiyo. Mtu yule yule, katika nchi ile ile, ana haki tofauti kwa sababu ya mpaka wa jimbo, na bado simu na redio za jumuiya zetu zimejaa habari za Washington, Kinshasa na Nairobi, huku Lansing ikitajwa kwa nadra.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa utulivu ni bima ya gari. Tangu mwaka 1973 Michigan imefuata utaratibu ambao majeruhi wa ajali hulipiwa matibabu na kampuni ya bima bila kuuliza ni nani aliyekosea, na kwa miongo mingi lilikuwa jimbo pekee lililomtaka kila mwenye gari akate bima ya matibabu isiyo na ukomo wa kiasi wala wa miaka. Ulinzi huo ulikuwa mkubwa, na bei yake ilikuwa kubwa vilevile, kiasi kwamba Detroit palikuwa na madereva wengi walioendesha bila bima kwa sababu hawakuimudu, wakijiweka katika hatari ya ajali na ya sheria kwa wakati mmoja. Mwaka 2019 gavana Gretchen Whitmer, wa chama cha Democratic, alitia saini sheria mpya iliyopitishwa na bunge lililokuwa mikononi mwa Republican, ambayo kuanzia Julai 2020 ilimruhusu mwenye gari kuchagua kiwango cha chini zaidi cha bima ya matibabu, na kuanzia Julai 2021 iliweka kikomo cha malipo ya watoa huduma kwa majeruhi. Watoa huduma ambao kazi yao haikuwa na bei iliyopangwa katika Medicare, yaani mpango wa taifa wa matibabu ya wazee, na hao ndio hasa wanaowahudumia majeruhi majumbani, walipangiwa asilimia 55 tu ya kile walichokuwa wakitoza Januari 2019.

Matokeo yake yalikuwa na sura mbili. Wenye magari waliahidiwa nafuu, na jimbo likaondoka katika hali ya kuwalazimisha maskini wanunue kitu wasichokiweza. Upande wa pili, kampuni za uuguzi wa majumbani zilipunguza wafanyakazi au zikafunga milango, na watu waliopooza kwa ajali za miaka mingi iliyopita wakajikuta bila mtu wa kuwageuza kitandani, mpaka Mahakama ya Juu ya Michigan ilipoamua Julai 2023 kwamba kikomo hicho hakiwahusu wale walioumia kabla ya sheria kutungwa. Katika jumuiya zinazoandikiwa barua hii wamo watu wa pande zote mbili, kwa kuwa wamo madereva wanaokwenda kiwandani usiku kwa gari ambalo bima yake ni mzigo mzito wa mwezi, na wamo wahudumu wa wagonjwa ambao mshahara wao hutoka katika malipo hayohayo ya bima. Si ajabu wote wawili wakawa mume na mke. Kampuni za bima zilifika bungeni na takwimu zao, hospitali zikafika na zao, mawakili wa majeruhi vivyo hivyo, na kila takwimu iligharimiwa na aliyetaka ielekee upande wake. Familia yenye dereva na mhudumu ndani ya nyumba moja haikuwa na mtafiti wake, na ndiyo iliyokuwa na haja kubwa zaidi ya kuiona hesabu nzima.

Itasemwa kwamba bunge lenyewe lina ofisi zake za uchambuzi wa fedha, moja ya Baraza la Wawakilishi na nyingine ya Seneti, na ni kweli kwamba ofisi hizo hufanya kazi ya heshima bila kufuata chama. Lakini ofisi hizo huwajibu wabunge na hushughulikia zaidi miswada iliyokwisha kuwasilishwa, ilhali swali ambalo hakuna mbunge aliyeliuliza linahitaji mtu wa nje wa kuliuliza. Zaidi ya hayo, Michigan ina ukomo mkali wa vipindi vya ubunge: mwaka 1992 wapigakura waliamua kwamba mtu asikae zaidi ya miaka 6 katika Baraza la Wawakilishi na miaka 8 katika Seneti, na mwaka 2022 wakabadili kanuni hiyo kuwa jumla ya miaka 12 katika mabaraza yote mawili. Nia yake ilikuwa njema, yaani kuzuia watu kuufanya ubunge kuwa urithi, lakini athari yake ni kwamba kumbukumbu huondoka bungeni pamoja na wenye nayo. Mfumo wa fedha za shule unaotumika hadi leo ulipitishwa na wapigakura Machi 1994, ambapo mzigo mkubwa wa kuendesha shule ulihamishwa kutoka kodi ya ardhi na majengo ya kila wilaya kwenda kwenye hazina ya jimbo, na kodi ya mauzo ikapandishwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 6. Mzazi Mrundi anayeuliza kwa nini shule ya mwanawe haina mwalimu wa kutosha wa kuwafundisha Kiingereza watoto waliokuja na lugha nyingine anauliza, bila kujua, kuhusu uamuzi wa mwaka ule. Anayeweza kumjibu ni aliyeandika na kutunza maandishi wakati ule, akaendelea kufuatilia tangu hapo, na asiyetegemea uchaguzi ujao kubaki kazini.

Sasa lifafanuliwe neno lenyewe, kutofungamana na chama, maana hutumiwa kwa uzito tofauti na wanaolitumia si wote wanaostahili imani ileile. Kisheria, shirika lolote la hisani linalosajiliwa chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi ya Marekani, ambalo michango kwake hupata nafuu ya kodi, limekatazwa tangu mwaka 1954 kumuunga mkono au kumpinga mgombea yeyote wa uchaguzi. Kwa maana hiyo nyembamba, Mackinac Center iliyoko Midland, inayotetea soko huria na serikali ndogo, na Michigan League for Public Policy iliyoko Lansing, inayotetea maslahi ya wenye kipato kidogo, zote mbili hazina chama, na kila moja hufanya utafiti unaostahili kusomwa na kujibiwa. Lakini zote mbili huanza na msimamo kuhusu jinsi jamii inavyopaswa kuwa, na hazifichi jambo hilo. Maana pana zaidi ya neno hilo ni ya taasisi ambayo, swali la kura ya maoni likiletwa kwa wananchi, hueleza sheria ilivyo sasa, itakavyobadilika, nani atalipa na nani atapokea, kisha ikanyamaza bila kumwambia msomaji apige kura gani. Ukimya huo wa mwisho ndio ulio ghali. Mfadhili mwenye shauku hupenda kulipia hitimisho, na taasisi isiyotoa hitimisho la kumfurahisha mtu hupata taabu ya fedha katika kila msimu.

Historia ya kazi hii inaonyesha hatari hiyo tangu mwanzo wake. Ofisi ya kwanza ya aina hii ilianzishwa New York mwaka 1907, ikachunguza mahesabu ya jiji kwa undani ambao haukuwahi kuonekana, na fedha zake zilitoka kwa sehemu kubwa katika mifuko ya matajiri wachache, wakiwemo Andrew Carnegie na John D. Rockefeller. Mwaka 1914 mmoja wa wakurugenzi wake, William H. Allen, alijiuzulu akipinga masharti ambayo kwa maelezo yake yalifuatana na fedha za Rockefeller, hasa kuhusu ukosoaji wa shule za jiji na taarifa zilizokuwa zikitolewa kwa umma. Haihitajiki kuamua hapa nani alikuwa na haki katika ugomvi ule. Inatosha kuona kwamba ofisi yenye wafadhili wachache wakubwa haina namna ya kukataa sharti bila kuhatarisha mishahara ya watu wake, na kwamba dawa iliyopo ni kuwa na wafadhili wengi wadogo, ambao hakuna hata mmoja wao anayeweza kuifunga ofisi kwa kuondoka.

Sheria ya kodi yenyewe inalitambua jambo hili kwa njia ambayo watu wachache wanaijua. Ili shirika la hisani lihesabiwe kuwa la umma na si mfuko binafsi wa familia au kampuni, mojawapo ya vipimo vikuu hulitaka lionyeshe, kwa hesabu ya miaka mitano, kwamba angalau theluthi moja ya mapato yake imetoka kwa umma. Katika hesabu hiyo mchango wa mtu mmoja unaozidi asilimia 2 ya mapato yote hauhesabiwi kuwa wa umma kwa kiasi kilichozidi, ilhali mchango mdogo huhesabiwa wote. Dola 25 za mama anayefanya kazi ya usafi hospitalini huingia zote katika upande wa umma, na milioni ya kampuni haiingii yote. Ikiwa familia mia moja za jumuiya zetu zitatoa dola 25 kila moja, zitapatikana dola 2,500, kiasi ambacho hakimlipi mtafiti mshahara wa mwezi, na barua hii haidai vinginevyo. Inadai kwamba majina mia moja mapya katika orodha ya wafadhili yana uzito kuliko hundi moja ya kiasi hicho hicho.

Wanaoandikiwa barua hii wanayafahamu mambo haya kwa uchungu kuliko wenyeji wengi wa Michigan. Watanzania wanakumbuka mwaka 2018, ambapo taasisi ya Twaweza ilichapisha matokeo ya utafiti wa maoni ya wananchi yaliyoonyesha kushuka kwa kukubalika kwa rais, ikaandikiwa barua na tume ya serikali ya sayansi na teknolojia kuulizwa kuhusu kibali, na pasipoti ya mkurugenzi wake ikashikiliwa. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikabadilishwa ili iwe kosa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi, kifungu ambacho kilirekebishwa tena mwaka 2019. Wakenya na Watanzania wanajua pia kwamba taasisi nyingi nzuri za utafiti nyumbani huishi kwa fedha za wahisani wa nje, na kwamba mhisani anapobadili kipaumbele, swali lililokuwa likitafitiwa hubaki njiani. Hapa Michigan hakuna anayenyang'anywa pasipoti kwa kuchapisha hesabu ya bajeti. Taasisi inaweza kufa kwa njia ya kimya zaidi, kwa kukosa watu wanaoona kwamba kazi yake inawahusu.

Lipo jambo jingine linalowahusu kwa namna ya pekee wale ambao bado hawajapata uraia. Mkimbizi aliyefika Grand Rapids mwaka jana hulipa kodi ya mapato ya jimbo, ambayo ni asilimia 4.25 kwa kila mtu awe tajiri au maskini, na hulipa asilimia 6 ya kodi ya mauzo kila anaponunua viatu vya mtoto. Hana kura, na mpaka atakapopata ukaazi wa kudumu sheria inamkataza hata kumchangia mgombea wa uchaguzi wowote. Hakuna sheria inayomkataza kuchangia utafiti kuhusu jinsi kodi yake inavyotumika, wala kuusoma, wala kuuliza swali katika mkutano wa hadhara akiwa ameushika mkononi.

Pingamizi kubwa ni la haki kabisa, na barua hii hailipuuzi. Mwaka huu Goma ilitekwa mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari, na hakuna familia ya Kivu jimboni humu ambayo haijatuma fedha kwa ndugu waliokimbia. Vyama vya kufa na kuzikana vimesafirisha maiti, vimelipia rambirambi, vimewapokea wageni. Hakuna anayeombwa amnyime ndugu yake chakula ili ampe mtafiti. Kinachoombwa ni sehemu ndogo ya kile ambacho kila mwaka hutumika kwa sherehe na sare za mikutano mikuu, fungu ambalo viongozi wanalijua kuliko mtu yeyote.

Kuhusu kodi, ni wajibu kusema ukweli wote, kwa sababu barua nyingi za mwisho wa mwaka huutaja nusu. Anayetaka mchango wake upunguze mapato yanayotozwa kodi ya serikali kuu kwa mwaka 2025 lazima aorodheshe makato yake moja moja badala ya kuchukua kato la jumla, ambalo kwa mwaka huu ni dola 15,750 kwa mtu asiye na mwenzi na dola 31,500 kwa wanandoa wanaowasilisha kwa pamoja. Na kwa kuwa familia nyingi sana hazina makato yanayofikia kiasi hicho, kwao mchango wa Desemba hii hautaleta nafuu yoyote ya kodi. Kuanzia mwaka wa kodi 2026, sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inamruhusu hata asiyeorodhesha makato kukata hadi dola 1,000, au dola 2,000 kwa wanandoa, za michango ya fedha taslimu kwa mashirika ya hisani ya umma. Kwa hiyo anayejali nafuu pekee, na asiyeorodhesha, afadhali angoje Januari. Anayeorodhesha, kama wenye biashara na wenye nyumba za thamani, ana sababu ya kutoa sasa, kwa kuwa mwaka ujao sehemu ya kwanza ya michango yake, sawa na nusu ya asilimia moja ya mapato, haitakatwa tena. Risiti ya maandishi inahitajika kwa mchango wa dola 250 au zaidi. Fedha zinazotumwa kwa ndugu, au kwa kanisa na msikiti ulioko nje ya nchi, hazina nafuu hiyo kwa kawaida, na jumuiya yenyewe ikague usajili wake kabla ya kuwaahidi wanachama lolote. Taasisi ya utafiti inayoombewa mchango hapa hujaza kila mwaka Fomu 990, inayoonyesha mapato, matumizi na mishahara ya wakuu wake, na fomu hiyo iko wazi kwa umma. Mtunza hazina aisome kabla ya kuandika hundi.

Ikiwa basi kwa wengi kodi si sababu, kwa nini kutolewe Desemba? Kwa sababu bunge la Michigan hufungua mwaka wake Jumatano ya pili ya Januari, mwezi huohuo wataalamu wa jimbo hukutana kukadiria mapato, na gavana huwasilisha bajeti mwezi Februari. Mwaka 2025 wabunge walishindwa kumfikishia gavana bajeti kufikia tarehe 1 Julai waliyojiwekea kwa sheria, na shule zilianza masomo bila kujua zitapata kiasi gani. Fedha isiyofungwa masharti inayoingia Desemba humwezesha mtafiti kuwa tayari na hesabu zake kabla wabunge hawajakaa, na uchambuzi unaofika baada ya kura hausaidii isipokuwa wanahistoria.

Tarehe 3 Novemba 2026, pamoja na kumchagua gavana mpya, wapigakura wa Michigan wataulizwa swali ambalo Katiba ya jimbo ya mwaka 1963 hulileta kila baada ya miaka 16: je, uitishwe mkutano wa kuiandika upya Katiba? Likikubaliwa, kila kitu kilichotajwa hapa, kuanzia ukomo wa ubunge hadi kodi na fedha za shule, kitawekwa mezani, na lilipoulizwa mwaka 2010 Citizens Research Council ilichapisha mfululizo wa maelezo kifungu kwa kifungu. Jumuiya zinaombwa ziliweke suala la mchango katika ajenda ya mkutano wao wa mwisho wa mwaka, zitoe bila kudai hitimisho lolote, na kando kabisa ya mchango huo ziwateue wanachama wawili au watatu wenye Kiingereza na Kiswahili kizuri ambao, kwa ridhaa ya taasisi, wataandaa muhtasari wa Kiswahili wa maelezo ya kura hiyo ili usomwe makanisani, misikitini na kwenye mikutano kuanzia Septemba. Michigan humruhusu raia kujiandikisha na kupiga kura hata siku ileile ya uchaguzi, na miongoni mwa wanachama wapo watakaokula kiapo cha uraia kabla ya siku hiyo.